Makarani wa Udongo

Kwa maneno ya Mama Khayanga mwenyewe, ambaye akianza kusimulia hata sufuria husahau kuchemka, maji ya kisima chake yaliwaka moto Jumanne saa mbili asubuhi, na mashahidi wake ni Mungu na ndoo ya plastiki iliyoyeyuka nusu.

Alikuwa, anasema, amekwenda kuchota maji ya kuoshea vyombo. Mkononi ameshika kijinga cha moto alichokiomba kwa jirani, maana kiberiti chake kilikuwa kimelowa. Akainama kuangalia kama kamba imefika chini. Hapo kisima kikamjibu. "Kilisema fuuu!" na akifika hapo huinua mikono yote miwili, hata kama amepakata mtoto wa mtu. Moto wa rangi ya samawati ukapanda kutoka kilindini, ukamlamba nyusi, ukageuka huku na huku kama mgeni anayetafuta mlango, kisha ukarudi chini ukalala. Jumanne, aliposimulia mara ya kwanza, moto ulifika kiunoni. Kufikia Alhamisi ulikuwa umeyapita mabati ya nyumba na unaongea Kibukusu.

Nalyaka, kijana aliyetumwa na Taasisi ya Udongo, aliisikiliza hadithi yote akiwa amechutama kando ya kisima, sanduku la mbao mgongoni, bila kukatiza. Ilikuwa mara ya tatu kuisikia tangu ashuke kwenye lori asubuhi ile.

"Mwanangu, mbona huandiki?" Mama Khayanga akauliza. "Wale wapimaji wa mwaka jana wenye kofia nyeupe waliandika daftari zima."

"Wakasema nini?"

"Wakasema kwaheri."

Nalyaka akacheka. Alikuwa na tabia moja ambayo walimu wake wa shule ya msingi waliiita uzito wa kichwa: jambo aliliacha lijirudie mpaka lijichoshe. Urefu wa moto ulibadilika kila mara. Mambo mawili hayakubadilika. Nyusi moja ya Mama Khayanga kweli haikuwepo. Na kila mara alitaja harufu.

"Hiyo harufu, mama. Ikoje?"

"Tamu." Mama Khayanga akafumba macho. "Kama embe lililooza ndani ya kiatu kipya. Mimi nimeizoea. Asubuhi hujaa uani, naivuta kidogo kabla ya chai."

Kutoka upande wa pili wa ua wa michongoma, mzee mmoja akakohoa kicheko. "Muulize pia moto ulimsalimia vipi!"

"Nyamaza, Wepukhulu! Ingekuwa ni wewe, tungekuta suruali yako hapa na wewe uko Uganda!"

"Ningerudi kuichukua."

"Huyo," Mama Khayanga akamwambia Nalyaka, sauti ikilainika, "usimjali. Alikuwa rafiki wa marehemu mume wangu. Miaka minane sasa tangu Baba Khayanga aondoke, na hakuna asubuhi huyo mzee hajanipasulia kuni. Ndugu wa damu hawafanyi hivyo."

*

Gari la mwisho la petroli lilipita kwenye barabara ya mbele ya ua huo miaka arobaini na tatu iliyopita. Vituo vya mafuta vilivyojipanga kama meno kuelekea mpakani vilifungwa kimoja kimoja, pampu zikang'olewa, watu wakajenga. Mtaa wa Pampu ulibaki na jina tu. Kijana wa umri wa Nalyaka hakuijua harufu ya petroli ila kwa kichupa kidogo cha Taasisi ya Udongo, alichonusishwa siku ya mtihani.

Adhuhuri ya Alhamisi alizika sanduku lake katikati ya mtaa, akainua kifuniko, akawaonyesha makarani kazi.

Makarani walikuwa mchwa. Watu wa Taasisi waliwazalisha kwa miaka kumi na mbili mpaka wakapata kizazi chenye pua: kila mchwa hushuka ardhini, huchukua punje moja ya udongo, huionja, na kurudi nayo juu. Aliyepita kwenye udongo safi hurudi na tumbo jeupe. Aliyeonja dizeli au mafuta ya taa hurudi wa manjano. Aliyekutana na petroli hurudi mwekundu. Punje huiweka kwenye sinia jeupe, upande ule ule alikotoka, maana mchwa hasahau njia. Mtu akikaa kimya na kulitazama sinia saa sita au saba, ataona ardhi yote ya chini ikijichora mbele yake.

Shida ilikuwa kuwaita. Mabingwa wa mji mkuu walitengeneza mashine ya kupiga mdundo ardhini: polepole kuwatuma, haraka haraka kuwarudisha, kama matone ya mvua ya kwanza. Mchwa waliisikiliza siku moja. Siku ya pili wakaipuuza. Walitaka mkono wa mtu, mkono unaokosea kidogo hapa na pale kama mvua yenyewe inavyokosea. Hivyo Taasisi ikatangaza mtihani, na watu wenye shahada wakaja wakapiga vijiti mpaka wakatoka jasho. Nalyaka, ambaye elimu yake iliishia shule ya msingi lakini utoto wake ulipita kwenye vichuguu, akiita kumbikumbi wa kula pamoja na kukhu wake, yaani bibi yake, alikaa akapiga vijiti viwili juu ya ubao. Kwa dakika nne sinia lilijaa, wakamwajiri kuwa msomaji wa sinia.

Jioni ya Ijumaa sinia la Mtaa wa Pampu lilikuwa na hadithi fupi. Kaskazini, manjano kidogo. Magharibi, manjano kidogo. Ndipo hasa ramani ya zamani ilipoonyesha matangi mawili, yaliyokwisha kunyonywa na kujazwa mchanga zamani sana. Wekundu hakuna.

"Lakini kisima kiliwaka," Nalyaka akasema kwenye redio iliyobanwa kolani.

"Najua kiliwaka," sauti ya Injinia Ayuma, mkuu wake, ikajibu kutoka ofisini. "Na mvua kubwa inafika kesho jioni. Unaelewa hesabu yake?"

Nalyaka aliielewa kuliko alivyopenda. Petroli ni nyepesi kuliko maji. Huelea juu yake kama mafuta juu ya mchuzi. Mvua ikinyesha, maji ya chini ya ardhi hupanda, na utando ule hupanda nao, kisha hufuata mteremko. Mteremko wa Mtaa wa Pampu unaishia kwenye chemchemi ambayo watu elfu sita huchota kila siku.

"Nitafutie chanzo," Injinia akasema. "Sitaleta mashine ya kuchimba mahali nisipopajua. Chuma kikigonga chuma ndani ya mvuke ule, hakutabaki mtu wa kusimulia kama Mama Khayanga."

*

Jumamosi saa tatu asubuhi, Nalyaka alituma makarani mia nne upande wa mashariki, upande ambao ramani haikuwa na kitu. Akasubiri. Jua likapanda. Upande wa Uganda mawingu yalianza kujipanga, meusi, yana tumbo.

Saa tano akapiga mdundo wa kuwaita. Sinia likabaki jeupe, tupu.

Akapiga tena, akibadilisha mkono. Wakatoka sita. Wakatoka kumi na mmoja, wote weupe, wote wa kaskazini, masalio ya jana. Mashariki hakuna aliyerudi. Makarani hawakuwahi kumkataa. Wamezama? Wamekufa? Akalaza sikio juu ya ubao, akashika pumzi.

Akausikia. Chini ya ukimya wa udongo kulikuwa na mdundo mwingine, si wake. Wa haraka, mwepesi, unaokosea vizuri sana. Mdundo wa mtu aliyeufanya maisha yake yote.

Na juu ya mdundo, wimbo:

*Tokeni, tokeni, mvua iko mlangoni,*
*mwenye mabawa na aje na nduguye!*

"Mungu wangu," Nalyaka akasema, akaruka. "Mama Khayanga anaita kumbikumbi!"

Alikimbia akipita nyuma ya nyumba, akaruka mfereji, akajikwaa kwenye kuni za mzee Wepukhulu, akaendelea. Nyuma ya jiko la Mama Khayanga kulikuwa na kichuguu cha siku nyingi. Mama Khayanga alikuwa amekifunika kwa blanketi, ametoboa njia upande mmoja, na chini ya njia ameweka beseni. Alikaa juu ya kigoda akipiga vijiti kwenye debe lililopinduliwa, mabega yakicheza. Beseni lilikuwa limejaa nusu.

"Karibu, mwanangu! Ila mwaka huu kumbikumbi wamepatwa na nini?" Akachota mkono mzima, akamwonyesha. "Hawana mabawa. Halafu wekundu kama pilipili. Lakini nyama ni nyama, ngoja niwakaange..."

Mkono wa pili ulikuwa umeshika kiberiti kipya. Kando yake jiko la makaa, kikaango juu, mafuta tayari.

"USIWASHE!"

Nalyaka hakujua miguu yake ilivyofika. Alijikuta amekishika kiberiti kwa mikono yote miwili, amekitupa ng'ambo ya ua, na Mama Khayanga amekaa chini na beseni kifuani, macho yamemtoka.

"Mtoto wewe! Umerogwa?"

"Mama, nusa."

"Ninuse nini?"

"Nusa beseni."

Mama Khayanga akalinusa. Uso wake ukabadilika polepole. "Embe," akasema. "Embe na kiatu."

Nalyaka akapiga magoti akachungulia. Mamia ya makarani, wakipandana, na kila tumbo limeiva wekundu ambao hakuwahi kuuona hata kwenye picha za Taasisi, wekundu wa damu ya jogoo. Walikuwa wametumwa mashariki, wakasikia mdundo ulio bora kuliko wa mwalimu wao, wakapanda moja kwa moja kuufuata. Na hapo walipopandia, chini kabisa, kulikuwa na petroli. Nyingi. Akacheka kwa sauti. Akamkumbatia Mama Khayanga, beseni katikati yao.

"Mama, umefanya kwa saa moja kazi ambayo ingenishinda mwezi!"

"Basi mbona hutaki niwakaange?"

Kelele zilikwisha kuwaita majirani. Walikuja na watoto, na vikombe vya chai mkononi, wakakizunguka kile kichuguu. Nalyaka akabonyeza kola. "Injinia! Nimepata wekundu!"

Redio ikapiga kelele kana kwamba Injinia Ayuma ameangusha kiti. "Wapi?"

"Nyuma ya jiko la Mama Khayanga. Mashariki."

"Ramani haina kitu mashariki."

"Mchwa hawajui kusoma ramani, Injinia."

Kicheko, kisha karatasi zikifunuliwa upesi. "Sawa. Kina?"

Nalyaka aliviringisha punje kati ya vidole: udongo mwekundu, kisha wa kijivu, kisha ule wa bluu unaonata. "Mita tatu. Labda tatu na nusu. Na ni tangi, si mabaki. Mabaki hayawezi kupaka wekundu huu."

"Tangi la tatu ambalo hakuna aliyeliandika." Sauti ya Injinia ilitetemeka kwa furaha na hofu pamoja. "Nakuja na lori na ile pampu ya shaba, haitoi cheche. Lakini nahitaji mdomo, Nalyaka. Kila tangi lina mdomo. Nikichimba kwa kubahatisha nitalitoboa, na jioni mvua itamaliza kazi. Mchwa watahitaji siku ngapi kulizunguka lote?"

"Tano."

"Tuna saa saba. Nitafutie mdomo."

*

Umati ulilitazama beseni. Hilo lilikuwa la kawaida, maana si kila siku mtu huona mchwa wekundu. Lakini Nalyaka alizoea kumtazama yule asiyekwenda na wengine, kama vile mchwa mmoja anayegeuka njiani mara nyingi ndiye mwenye habari. Na katika umati ule kulikuwa na mtu mmoja asiyelitazama beseni.

Mzee Wepukhulu alisimama karibu na michongoma, shoka la kuni bado mkononi. Alikuwa anatazama nguzo ya kamba ya nguo. Akaangalia pembeni. Akaitazama tena, haraka, kama mtu anayegusa mfuko kuhakikisha funguo zipo.

Ilikuwa nguzo ya chuma, nene kama mkono, imepakwa rangi ya kijani mara nyingi. Shuka mbili na gauni la kanisani vilining'inia hapo.

Nalyaka hakumwendea kwa pupa. Alizunguka, akaketi juu ya gogo la kupasulia. Akakaa kama anavyokaa mbele ya sinia. Wingu la kwanza lilipita juu ya jua, uani pakapoa. Mzee akaliweka shoka chini. Akalichukua. Akaliweka tena.

"Wewe huulizi mtu kitu," akasema hatimaye.

"Nasubiri, kuka."

Alimwita kuka, yaani babu, kama anavyopaswa kumwita mzee wa rika lile. Neno lile lilimpiga mzee mahali. Akaketi kando yake, magoti yakilia.

"Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Nilikuwa mjaza mafuta hapa. Madereva wa malori ya kwenda ng'ambo walikuwa wakisimama, wanapunguza kidogo kidogo mzigo usio wao. Mwenye kituo aliununua mzigo huo. Hakuweza kuutia kwenye matangi ya halali, yalikuwa yanapimwa. Tukachimba la tatu. Mimi na yeye, na wawili waliokwisha kufa. Tukaapa."

"Lilibaki na mafuta?"

"Lilijaa, mjukuu wangu. Wiki ile ile akakimbia nchi, polisi nyuma yake, hakurudi tena. Sisi wafanyakazi tukagawana uwanja. Baba Khayanga hakuwa mfanyakazi, alikuwa rafiki yangu tu. Nikampa kipande hiki ili awe jirani yangu." Akakitazama kisima. "Nilimwambia asichimbe kisima upande huu. Nikasafiri msibani. Kurudi, kisima kimefika maji, watu wanakunywa, wanapiga vigelegele. Nikasema nitamwambia kesho. Kila mwaka nikasema mwaka ujao."

"Alikufa kwa nini, Baba Khayanga?"

"Damu." Mzee alitazama mikono yake. "Daktari alisema damu yake imeacha kujitengeneza. Hakusema kwa nini. Mimi sikuuliza, maana nilijua maji aliyokuwa akinywa."

Kutoka uani Mama Khayanga alisikika akiwahadithia watu waliochelewa kufika: tayari mchwa walikuwa wamefikia ukubwa wa panya.

Mzee akamgeukia Nalyaka. "Ninajua mdomo ulipo. Ninajua tangi limelala vipi na limeegemea wapi. Naweza kukuonyesha sasa hivi. Lakini usiandike jina langu. Sema mchwa ndio walioona. Wewe wanakuamini, na mchwa hakuna wa kuwauliza."

Hapo ndipo Nalyaka alipohisi ardhi ikisogea. Sheria ya Udongo ilikuwa fupi, na aliijua kwa moyo: ripoti husomwa kwa sauti mbele ya wote wanaoishi juu ya udongo huo, na kila habari hutajwa ilikotoka, iliyotoka kwa mchwa na iliyotoka kwa mtu, na mtu yule kwa jina. Ndiyo maana watu kama hawa, waliodanganywa na ramani na kofia nyeupe, walikubali kuwaachia makarani nyua zao. Mchwa hawakuwahi kusingiziwa. Hakuna msomaji, kwenye barabara ile yote, aliyewahi kuwatia neno mdomoni ambalo hawakulileta.

Na upande wa pili, watu elfu sita na ndoo zao. Na saa sita na nusu zilizobaki.

"Kuka," akasema, na sauti yake ikamshangaza mwenyewe kwa utulivu wake, "sikuahidi kitu. Sitaki kukudanganya wewe pia. Nionyeshe mdomo, halafu mimi na wewe tutabaki na hilo lingine."

Mzee akasimama. Kisha akanyoosha kidole.

"Ile nguzo. Ni bomba la kupimia. Kila jioni nilikuwa natumbukiza ufito kuona mafuta yamefika wapi. Linakwenda moja kwa moja mpaka chini, halina kona. Tulilifunga kwa gogo na lami, kisha sikuweza kuling'oa peke yangu, basi nikalipaka rangi. Mama Khayanga akafunga kamba."

*

Lori lilifika saa tisa, na baada ya hapo hakuna aliyekaa chini.

Injinia Ayuma aliruka kabla halijasimama, mwanamke mfupi mwenye buti kubwa, akaamuru mioto yote ya mtaa izimwe, na Mama Khayanga akazunguka nyumba hadi nyumba kuhakikisha, akizima hata majiko yaliyokwisha zimika. Gauni la kanisani likaanuliwa kwa heshima. Walifunga nguo mbichi kuzunguka nguzo, wakachokonoa lami kwa patasi ya mti, kidogo kidogo, kila mtu ameshika pumzi. Mzee Wepukhulu hakuhitaji kuambiwa wapi pa kugonga. Injinia akamtazama, akamtazama Nalyaka, akarudi kwenye patasi.

Gogo likatoka na sauti ya chupa inayozibuliwa. Harufu ikapanda, tamu, nzito, na bibi mmoja mkongwe aliyekuwa akiegemea ukuta akaanza kulia: "Hiyo ndiyo harufu ya safari! Hiyo ndiyo harufu ya safari!" Watoto, ambao hawakuwahi kuinusa, wakaziba pua wakicheka.

Mpira wa pampu ukashuka. Mita moja. Mbili. Tatu. "Simameni hapo," mzee akasema. Wakasimama hapo.

Wanaume wanne wakashika mpini wa pampu ya shaba. Ikakohoa hewa. Ikakohoa tena. Nalyaka alikuwa amepiga magoti, kiganja chake juu ya ardhi kana kwamba anaweza kuisaidia kwa mkono. Kisha mpira ukashtuka kama nyoka aliyekanyagwa, na kwenye pipa la kwanza kikatiririka kitu cheupe chenye umanjano, kinang'aa.

Mtaa mzima ukapasuka kwa vigelegele.

Walipokezana mpini. Wanawake nao wakaingia zamu, wakaupiga kwa wimbo, kasi ikazidi ya wanaume, wanaume wakatukanwa kwa upole. Pipa la nane. La kumi na tano. Upepo wa mvua ukaanza kugeuza majani ya migomba. Pipa la ishirini na sita lilipojaa nusu, mpira ukanyonya hewa, ukanyamaza. Injinia akatumbukiza ufito, akautoa, ukiwa umelowa ncha tu. Kisha akashusha mpira mwingine kisimani, ukavuta ule utando wa juu mpaka maji yakatoka safi, na makarani ambao Nalyaka alikuwa amewatuma kujaribu maji wakarudi mmoja baada ya mwingine kutoka upande wa chemchemi.

Nalyaka akawahesabu kwa sauti, na umati ukahesabu naye. Weupe. Weupe. Weupe.

"Haijafika!" Injinia Ayuma akapaza sauti, kofia juu. "Chemchemi ni safi! Kisima hiki kifungwe kwa sasa, udongo tutauosha taratibu, lakini chemchemi ni safi!"

Watu wakambeba Nalyaka. Alipoweka miguu chini tena nywele zilikuwa zimefumuka na kiatu kimoja hakikuwepo. Injinia akamsogelea akiwa na karatasi ya ripoti, akamkabidhi kalamu. "Isome kabla mvua haijawatawanya," akasema chini chini. "Nimejaza yote ila mstari mmoja. Huo ni wako. Nitasaini utakachoandika."

Mstari wenyewe ulisema: *Mahali pa mdomo wa tangi palielezwa na*. Baada ya hapo, nafasi nyeupe, ndefu kama kidole.

Aliishika kalamu. Neno moja la herufi tano, mchwa, lingeingia hapo kwa urahisi na kila mtu angekwenda kulala na furaha yake. Ila kesho, mtaa mwingine, msomaji mwingine angeombwa neno lile lile, na pengine na mtu asiyejuta. Na lile jina lingine, akiliandika, lingemwondolea mwanamke mmoja asubuhi zake zote za kuni. Lakini je, asubuhi hizo zilikuwa zake Nalyaka, hata amtunzie bila kumuuliza?

Majirani walianza kukaa chini, nusu duara, kusikiliza. Mama Khayanga alipenya katikati yao, leso imefungwa kiunoni, mikono inanuka petroli mpaka viwikoni, uso umejaa mwanga. Alikuwa amemshika mkono mzee Wepukhulu, anamvuta aje akae mbele kwa kuwa alikuwa amechoka.

"Ngoja, ngoja, kabla hujasoma," akasema, pumzi zikimpaa. "Hawa wanasema kuna mtu aliyekuambia kuhusu ile nguzo yangu. Kwamba mchwa peke yao wasingewahi. Ni kweli?"

"Ni kweli, mama."

Mkono wa mzee ulikuwa bado ndani ya mkono wake. Hakuuondoa. Alikuwa anatazama chini, kama mtu aliyekwisha kuitwa na anasubiri tu kusikia jina.

"Basi nitajie," Mama Khayanga akasema. "Kiti cha Baba Khayanga hakijakaliwa na mtu miaka minane. Leo nataka kukitoa sebuleni, nimkalishe huyo mtu, nimpikie mwenyewe kwa mikono yangu. Ni nani, mwanangu?"

Radi ikapita mbali. Nalyaka aliinamia karatasi. Kalamu ilikuwa imegusa karatasi, na nukta ya wino ilikuwa inapanuka polepole mwanzoni mwa ile nafasi nyeupe.

"Nalyaka," Mama Khayanga akasema tena, akitabasamu, akimvuta mzee karibu zaidi ili naye asikie. "Nimekuomba jina tu. Nitajie."